Geuza Pete Uone Mgongo Wake
Mhadhara juu ya pete za kale za almasi na yakuti samawi



Nimekuja na pete moja tu. Iko hapa mezani juu ya kitambaa cheupe, na nimeilaza kifudifudi makusudi: mawe chini, mgongo juu. Najua si desturi. Anayevaa pete hutazama jiwe, anayeilipia hutazama bei, na mgongo wake hautazamwi na mtu isipokuwa fundi. Lakini nimekaa kwenye meza ya usonara zaidi ya miaka thelathini, na kama kuna jambo moja nimelishika huko, ni kwamba pete ya kale husomwa kuanzia nyuma. Jiwe hubadilishwa kwa mchana mmoja. Hadithi ya familia huongezwa chumvi kila arusi. Bali pale jiwe linapokaa, namna palivyochongwa, palivyolehemiwa na palivyolika, ni vigumu kupafundisha uongo.

Pale jiwe linapokaa nitapaita kiti. Vidole vidogo vya madini vinavyolikamata nitaviita kucha, na utepe wa madini unaolizunguka jiwe pande zote nitauita ukingo. Jiwe la buluu ni yakuti samawi. Neno yakuti tumelipata kwa Waarabu, nalo lina elimu kuliko tunavyodhani. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika Sarandibu, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1344, akaeleza yakuti za huko: kuna nyekundu, kuna za manjano, na kuna za buluu ziitwazo nilamu. Kwake zote ni yakuti. Ulaya waliendelea kuhesabu nyekundu na buluu kuwa mawe mawili yasiyo na undugu, hadi wanasayansi wao walipobaini, kuelekea mwaka 1800, kuwa ni kitu kile kile, oksidi ya alumini. Ikiingiwa na kromi kidogo huwa nyekundu. Ikiingiwa na chuma na titani kwa pamoja huwa buluu. Kwa hiyo bibi yako aliyeita mawe yote mawili yakuti hakukosea.

Sasa pete yenyewe. Mbele ni fedha, nyuma ni dhahabu. Katikati kuna yakuti samawi yenye umbo la yai, na pembeni almasi nane ndogo. Mtu akiona fedha imekuwa nyeusi mbele hudhani ni pete ya kimaskini iliyopakwa dhahabu mgongoni. La. Mafundi wa Ulaya wa karne ya 18 na sehemu kubwa ya karne ya 19 waliona kuwa almasi ikikaa ndani ya dhahabu huvuta umanjano wake, basi wakaizungushia fedha nyeupe. Lakini fedha huchafua ngozi na nguo, kwa hiyo sehemu inayogusa kidole wakaifanya ya dhahabu. Ni madini mawili yaliyolehemiwa kwa akili, kila moja mahali panapolifaa. Ukiona mchanganyiko huo tayari umeshajua mengi: fundi alikuwa hajapata platini.

Tazameni tena mgongo. Nyuma ya kila jiwe pamezibwa. Hakuna dirisha, hakuna tundu la mwanga. Ni kama kikombe kidogo cha dhahabu kilichofunikwa. Hapo ndipo nilipojifunza usonara, na nilijifunza kwa hasara.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikijifunza kazi kwa mjomba wangu Mji wa Kale, Mombasa. Pete hii ililetwa na bibi mmoja ipunguzwe, maana vidole vyake vilikuwa vimekonda. Mjomba akatoka kwenda kuswali adhuhuri. Mimi nikaiona ina mafuta na vumbi la miaka, nikasema nimfurahishe. Nikaitia kwenye maji ya moto yenye sabuni, nikaisugua kwa mswaki laini, nikaiosha, nikaianika juu ya kitambaa. Ilipokauka, yakuti ilikuwa imegeuka rangi ya maji ya kufulia, na almasi tano kati ya nane zilikuwa zimekufa kabisa, kijivu, kama jicho la samaki wa juzi.

Mjomba hakunipiga. Aliishika pete kwenye mwanga wa mlangoni, akaigeuza mara mbili, akauliza, "Umeiosha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na hukuona kuwa haina dirisha nyuma?"

Mawe yalikuwa mazima. Kilichoharibika ni kioo kilichokuwa nyuma yake. Zamani hizo mikato ya almasi haikuwa na nguvu ya kuurudisha mwanga vizuri, na nyumba zilimulikwa kwa mishumaa. Fundi akaweka chini ya jiwe kipande cha madini chembamba kama ganda la kitunguu, kilichong'arishwa, na chini ya yakuti mara nyingine kilitiwa rangi ili buluu ikolee. Kisha akaziba. Mwanga ukiingia, hugonga hapo na kurudi. Maji yakipenya, kile kioo hupata kutu na giza, na hakuna mtu anayeweza kulifungua jiwe na kukirudisha kilivyokuwa. Mjomba alimlipa bibi yule thamani aliyoitaja, pete ikabaki kwetu. Ndiyo hii.

Tangu siku hiyo pete iliyozibwa nyuma naiogopa, na sababu ya pili niliijua baadaye: kinachozibwa kinaweza kufichwa. Katika karne ya 19 Ulaya ilitengeneza kwa wingi mawe ya vipande viwili, kijibapa cha garneti nyekundu juu, kimeyeyushwa na kushikana na kioo cha buluu chini. Garneti ni nyembamba mno hata wekundu wake hauonekani ukitazama kwa juu. Juu panakwaruza kama jiwe la kweli kwa sababu ni jiwe la kweli. Dawa yake ni rahisi kwa jiwe lisilo kwenye kiti: lilaze kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, utaona duara jekundu limelizunguka kiunoni. Kwenye kiti kilichozibwa utapata tabu zaidi, na muuzaji wa wakati ule alilijua hilo.

Nimetaja mishumaa, na ningependa tukae hapo kidogo, maana watu wanaponiletea almasi ya kale husema, "Haimetimeti." Kweli, haimetimeti. Haikutakiwa. Almasi hizi nane zimekatwa mkato wa waridi: chini bapa, juu kama kuba lenye nyuso za pembetatu, mfano wa chipukizi la ua. Ule mkato mwingine wa kale, wenye umbo la mto wa kulalia, una nyuso 58 kama almasi nyingi za leo, ila kichwa chake ni kirefu, uso wa juu ni mdogo, na ukichungulia kutoka juu unaona kama kitundu katikati. Si kitundu. Ni ncha ya chini iliyokatwa bapa ili isimeguke. Nyuso za mawe hayo ni kubwa na zilikatwa kwa jicho na mkono. Chini ya taa za dukani zinalala. Ziwashie mshumaa, zima taa, usogeze mkono polepole: zinamweka, moja baada ya nyingine, kama kurunzi ya mvuvi inayogeuka taratibu baharini. Mkato wa sasa uliokokotolewa na Marcel Tolkowsky mwaka 1919 ni wa zama za umeme. Kuzilinganisha ni sawa na kuilaumu ngalawa kwa kukosa injini.

Mfano mkubwa wa lawama hiyo ni almasi ya Koh-i-Noor. Mwaka 1851 ilionyeshwa London katika Maonyesho Makubwa, watu wakapanga foleni, wakaondoka wamenuna: jiwe halikuwaka. Mwaka uliofuata Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, alisimamia ikatwe upya. Ikapoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake, na bado yeye mwenyewe hakuridhika. Ni Albert huyo huyo aliyempa Victoria, siku moja kabla ya arusi yao Februari 1840, pini ya kifuani yenye yakuti samawi kubwa katikati na almasi 12 za mviringo pembeni. Pini ile hakuna aliyeibadilisha, na wafalme wa Uingereza wameendelea kuitunza. Mtu mmoja, mawe mawili: jingine alilirekebisha, jingine akaliacha. Sijamsikia mtu akililia lile aliloliacha.

Kwa nini almasi kuizunguka yakuti? Si urembo mtupu. Yakuti samawi hunywa mwanga. Iliyokolea sana, ukiiweka chini ya mwali wa manjano wa mshumaa, hukaribia weusi wa wino. Ukiizungushia almasi, jicho linapata weupe wa kulinganisha nao, na buluu inarudi. Jambo hilo mafundi walilijua kwa macho kabla hajatokea mtu wa kuliandika.

Pete maarufu ya mawe haya mawili ni ile Napoleon aliyompa mchumba wake Joséphine mwaka 1796, alipokuwa jenerali kijana asiye na fedha nyingi. Ni utepe mwembamba wa dhahabu, almasi moja na yakuti samawi moja, yote mawili yenye umbo la tone, yameelekezwa kinyume, moja kichwa juu, jingine kichwa chini. Kila moja halifikii karati moja kamili. Mwaka 2013 ilinadiwa Fontainebleau, Ufaransa, ikauzwa kwa zaidi ya euro 700,000. Fedha hizo zililipwa kwa jina, si kwa jiwe, na sina ugomvi na aliyelipa. Ninachowaomba mkitazame ni kitu kidogo ambacho wauzaji hawakisemi. Karati ni uzito, ni moja ya tano ya gramu. Yakuti ni nzito kuliko almasi: kwa ujazo ule ule, almasi ikiwa 3.52, yakuti ni 4. Basi mawe mawili ya karati sawa na umbo sawa hayatakuwa na ukubwa sawa. Yakuti itaonekana ndogo. Fundi anayetaka yalingane machoni lazima aongeze uzito upande wa buluu. Mnunuzi anayehesabu karati peke yake hununua kwa mizani kitu alichokusudia kukitazama.

Ugumu nao una ushahidi wake. Kwenye kipimo cha Mohs yakuti ni 9 na almasi ni 10, lakini ile hatua moja ni kubwa kuliko inavyosikika. Mawe hayo yakikaa sanduku moja miaka themanini, almasi huila yakuti. Kwa hiyo nikipewa pete ya kale natazama kingo za nyuso za yakuti kwa lenzi ya mara 10. Zikiwa zimelika, butu kidogo, nafarijika. Zikiwa kali kama za jana, na kucha zinazoishika ni nzee na nyembamba, nauliza: nani alilibadilisha jiwe hili, na lini?

Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yalikwenda mbio. Almasi ziligunduliwa Afrika Kusini, zikawa nyingi. Mwaka 1886 kampuni ya Tiffany, New York, ilitoa kiti cha kucha sita kinacholiinua jiwe juu ya pete, mwanga ukaingia kutoka kila upande. Viti vilifunguliwa madirisha. Kisha ikaja platini, na hapo sanaa hii ilifika mahali ambapo, kwa maoni yangu, haijawahi kupitwa.

Dhahabu huyeyuka kwa nyuzijoto 1064. Platini hutaka 1768, na moto wa sonara wa kawaida haufiki huko. Mafundi walipopata mwali wa oksijeni, kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, nyumba kama Cartier ya Paris zilianza kuifua. Ni nyeupe, haifanyi weusi, na ina nguvu kiasi kwamba ukingo unaweza kuwa mwembamba kama uzi na bado ukashika. Ile fedha ya mbele na dhahabu ya nyuma ikawa historia. Juu ya ukingo ule walikimbiza gurudumu dogo lenye meno, likaacha mstari wa punje ndogo ndogo, kila moja haifikii ukubwa wa punje ya mtama. Kwa lenzi, pete nzuri ya 1925 inaonyesha punje hizo zimepangana kama shanga. Kwenye pete za kuiga za leo, zilizomiminwa kwenye kalibu, punje hizo huwa zimevimba na kushikana, kama uji ulioganda.

Katika miaka hiyo ndipo ilipopendwa pete ya duara: almasi katikati, na pembeni mzingo wa yakuti samawi ndogo ndogo zenye umbo la matofali, zimebanana bila hata nafasi ya unywele. Yakuti hizo hazikununuliwa kwa uzito. Kila moja ilikatwa kwa ajili ya pengo lake, na haiwezi kukaa kwenye pengo la jirani yake. Ikidondoka moja huendi dukani kutafuta nyingine. Unatafuta mkataji, unamlipa, unasubiri. Niliwahi kuletewa pete ya namna hiyo baada ya fundi fulani, sitamtaja na hata mji wake sitautaja, kujaza pengo kwa kioo cha buluu na gundi. Gundi ilikuwa imefika hadi kwenye almasi ya katikati. Kuitoa kulinichukua siku mbili na lugha ambayo siwezi kuirudia hapa.

Na hapa kuna jambo litakalowashangaza. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza yakuti nyekundu kwa kuidondosha poda ya oksidi ya alumini iliyosafishwa kupitia mwali wa moto. Miaka michache baadaye buluu nayo ikapatikana. Si kioo. Ni oksidi ile ile, ugumu ule ule. Na mafundi wa miaka ya 1920 waliitumia waziwazi kwa yale matofali madogo, kwa sababu rangi yake ni moja kutoka jiwe la kwanza hadi la mwisho. Kwa hiyo pete yaweza kuwa ya platini halisi, ya 1925 halisi, ya almasi halisi, na yakuti zake zikawa za tanuru. Nimeona warithi wakiitupa pete kama hiyo kwa bei ya madini yake baada ya kuambiwa "mawe ni feki". Ukitazama ndani ya yakuti ya Verneuil utaona mistari iliyopinda, kama ya sahani ya santuri, na pengine viputo vya hewa. Ya ardhini ina mistari iliyonyooka inayokutana kwa pembe, na mara nyingi nyuzi laini kama hariri. Tofauti hiyo inafaa kujulikana na kuandikwa kwenye risiti, lakini haiifanyi kazi ya mkono wa fundi yule kuwa feki.

Mtaniuliza haya yote yanatuhusu nini huku kwetu. Yanatuhusu. Oktoba 2010, huko Rutundu kwenye Mlima Kenya, Prince William wa Uingereza alimvisha Kate Middleton pete ya mama yake: yakuti samawi ya karati 12, almasi 14 kuizunguka, dhahabu nyeupe, iliyotoka duka la Garrard mwaka 1981. Alisema mwenyewe kuwa aliibeba kwenye mkoba wa mgongoni kwa takriban wiki tatu. Dunia ilisikia mapenzi. Mimi nilisikia kucha za pete ya miaka ishirini na tisa zikisuguana na sweta.

Halafu kuna mawe yetu wenyewe, nayo ni mashahidi wazuri. Yakuti za bonde la Umba, mkoani Tanga, zilianza kujulikana sokoni miaka ya 1960. Za Tunduru zilikuja miaka ya 1990. Tanzanaiti ya Merelani ilitokea 1967, na kwa mtu asiye na mazoea hufanana na yakuti samawi, ingawa ni laini mno kando yake. Basi mtu akikuletea pete "ya 1930, ya nyanya yangu", na ndani yake imekaa tanzanaiti, moja kati ya mawili: ama pete si ya 1930, ama kuna siku jiwe la nyanya lilitoka na lingine likaingia. Nimekutana na hali zote mbili. Ya pili ndiyo inayouma, kwa sababu mara nyingi mwenye pete hajui.

Ninalowaombea sasa ni dogo. Kwetu, pete ya marehemu ikifika kwa sonara huwekwa kwanza kwenye mizani. Gramu kadhaa, dhahabu ya karati 18, bei ya leo ni hii, na kabla ya magharibi imeshayeyushwa ikawa bangili. Mawe hurudishwa kwenye kikaratasi, na mara nyingi hata kikaratasi hakirudi. Ninyi wenye pete, kabla hamjaiacha, igeuzeni. Tazameni kama nyuma pamezibwa au pana dirisha, tafuteni chapa ndani ya mzingo: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, kichwa cha tai ni dhahabu ya Ufaransa. Pitisheni kitambaa cha nailoni juu ya kucha. Kikinasa, kucha imeinuka, na jiwe liko njiani kuanguka. Ipigeni picha mbele na nyuma. Nanyi wenzangu masonara, wekeni lenzi mbele ya mizani.

Pete iko hapa mezani, na mshumaa nimeuleta. Almasi tatu kati ya nane bado zinawaka, na mkizima taa mtaziona. Mwenye kutaka kuishika na aishike. Naombeni tu, msiioshe.